Je, wajua kwa nini wasichana wengi wa sayansi husoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), si PCM (fizikia, kemia na hesabu)?

Ukimkuta daktari mwanamke Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hushangai. Mkute mhandisi mwanamke kavaa helmeti kando ya barabara ya TANZAM, abiria wa daladala watageuza shingo. Wote ni wanasayansi. Mbona tumemzoea mmoja tu?

Dunia nzima iko hivyo. Ripoti ya UNESCO ya 2021 inasema katika kila wahitimu 100 wa uhandisi, wanawake ni 28 tu, ilhali kwenye fani za afya wao ndio wengi. Kwa hiyo hoja ya "wasichana wanaogopa sayansi" haina miguu. Wanachokwepa, au wanachokwepeshwa, ni njia inayounganisha fizikia na hesabu.

Mchujo huanza mapema. Kwa utaratibu uliozoeleka, biolojia husomwa hadi kidato cha nne, lakini fizikia unaweza kuiacha kidato cha tatu. Binti wa Uyole au Mafinga anaamua hilo pengine hajawahi kuongea na mhandisi hata mmoja. Kidato cha tano, PCB humwachia BAM tu, yaani hesabu za msingi, wakati uhandisi wa ujenzi au umeme unadai hesabu kamili za PCM.

Ni suala la uwezo? Mwaka 2018 watafiti Gijsbert Stoet na David Geary walichambua matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2015. Katika takriban nchi mbili kati ya kila tatu, wasichana walilingana na wavulana kwenye sayansi au waliwapita. Ila somo lililowabeba zaidi wasichana lilikuwa kusoma na kuelewa maandishi. Tanzania haikuwamo, lakini hali yenyewe si ngeni kwetu: binti ana B ya fizikia na A ya Kiswahili, anaambiwa "nenda HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), huko ndiko unakong'aa." Mvulana mwenye B hiyohiyo na D kwingine kote anaanza kuitwa injinia.

Halafu kuna jioni. Fizikia na hesabu zinataka kufanya maswali mengi, na tuisheni huwa baada ya vipindi, saa ambazo binti anasubiriwa nyumbani achote maji na kusonga ugali. Hili halisemwi sana kwenye warsha, labda kwa kuwa halina bajeti.

Aliyekosa PCM bado ana njia ya stashahada ya uhandisi, kama zile za MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Mbeya, zinazopokea waliomaliza kidato cha nne. Huko nako wanaangalia kwanza kama ulifaulu fizikia.