Mtetea anapoanza kutaga: ganda la yai hutengenezwa usiku

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa wafugaji ni picha ya yai laini lililolala kwenye maranda, halina ganda, na chini yake maneno haya: "Shikamoo dokta. Kuku wangu ana ugonjwa gani?" Kabla sijataja dawa yoyote huwa nauliza mambo mawili: kuku ana umri gani, na ameanza kutaga lini.

Mtetea anayetoa yai lake la kwanza, la tatu au la tano bila ganda kwa kawaida si mgonjwa. Mfumo wake wa uzazi bado haujashika mpangilio. Viini viwili vinaweza kuachiwa kwa pamoja, ukapata yai kubwa ajabu. Yai linaweza kupita haraka kwenye mrija likatoka kabla ganda halijawekwa, au likaja dogo lisilo na kiini kabisa. Michirizi midogo ya damu juu ya ganda nayo huonekana, kwa sababu njia inapanuka kwa mara ya kwanza. Baada ya wiki mbili tatu mambo hukaa sawa yenyewe. Ukikimbilia antibaiotiki kwa ajili ya mayai haya unatupa pesa, na mayai yanayofuata yanabeba dawa hadi mezani kwa watoto wako.

Mayai laini yakiendelea hadi mwezi wa pili, hapo kuna jambo, na mara nyingi jambo lenyewe liko kwenye chombo cha chakula.

Tupige hesabu. Ganda la yai la kawaida lina takribani gramu 2 za kalsiamu. Kuku wa mayai hula kama gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku. Chakula cha kukuzia kina kalsiamu asilimia 1 hivi. Maana yake kwa siku nzima amepata gramu 1 na kidogo, na hata hiyo hainyonywi yote. Pumba na mahindi ya kuparaza, ambavyo ndivyo wengi tunavyowapa kuku wa kienyeji na chotara, karibu havina kalsiamu kabisa. Tena pumba zina fosforasi ya aina ambayo huikamata hata ile kalsiamu kidogo iliyopo isinyonywe vizuri. Chakula cha kutagia kilichochanganywa sawasawa kina asilimia 3.5 hadi 4. Sasa huyu anayetaga huku akila pumba tupu, kalsiamu anaitoa wapi? Anaichota mifupani mwake.

Mwili ulijiandaa kwa hilo, ila kwa kiasi. Kama wiki mbili kabla ya yai la kwanza, homoni za uzazi huanza kujenga akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa mirefu ya mtetea. Ni siku zile zile unazoona upanga na ndevu vinaiva wekundu, na ukimkaribia anachuchumaa na kutanua mabawa kidogo. Akiba hiyo ni ya kumvusha usiku mmoja, kisha ijazwe tena kesho yake kwa chakula. Isipojazwa, mwili unaanza kula mfupa wenyewe. Hapo ndipo unapomkuta kuku amekaa chini, miguu haimbebi, ilhali macho yako wazi na chakula anakitaka. Ukimshika ukapitisha kidole kwenye mfupa wa kidari, unausikia umepinda. Kuku wa namna hiyo huniuma sana, kwa sababu ametoa mayai hadi amejimaliza.

Na kuna suala la saa, ambalo wafugaji wengi hawajawahi kuambiwa. Yai huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika, na kati ya hizo kama 20 ni za kuwekewa ganda. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa kwenye kichanja, hali chochote. Kalsiamu ya unga aliyokula asubuhi imeshapita. Ile ya punje hukaa kwenye firigisi ikiyeyuka polepole hadi usiku mkubwa. Kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri weka chombo cha pembeni chenye makombe ya baharini yaliyopondwa, punje za ukubwa wa mtama hadi choroko. Usiyachanganye na chakula. Kuku anayetaga atayafuata mwenyewe, asiyetaga atapita. Wenzetu wa bara wasio na makombe wanaweza kutumia maganda ya mayai: yakaange hadi yakauke kabisa, kisha yaponde yasibaki na umbo la yai, maana kuku akilizoea umbo hilo atajifunza kudonoa mayai kiotani. Ukinunua chokaa, iwe chokaa ya mifugo kutoka duka la pembejeo. Chokaa ya kupaka ukuta inaunguza mdomo na koo, usiithubutu. Na vifaranga wasipewe chakula cha kutagia, kwani kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Huku kwetu pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, unaweza kufanya yote haya na bado ganda likawa jembamba. Kuku anahema mdomo wazi kutwa nzima, na kwa kuhema hivyo anapoteza kabonidioksidi ambayo damu inaihitaji ili kutengeneza ganda. Hamu ya kula nayo inashuka. Mpe maji ya baridi, kivuli, banda linalopitisha upepo, na chakula kingi zaidi alfajiri na jioni.

Ombi langu kubwa ni hili: usimharakishe mtetea. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20; wa kienyeji mara nyingi ni miezi sita au saba. Kumwashia taa usiku mtetea ambaye mwili haujajaa kunamfanya atage kabla nyonga hazijafunguka, na hapo ndipo yai linapokwama.

Kuku aliyekwamwa na yai husimama peke yake, mkia chini, anajikamua bila kutoa kitu, anagoma kula. Ukimpapasa kwa upole chini ya tumbo unalisikia yai. Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafunike tumbo, akae dakika 20 hivi. Mkaushe vizuri, paka mafuta ya kula kwenye tundu la kutagia, kisha mweke kwenye boksi lenye giza na joto, na maji ya kunywa karibu. Kuku wengi hulitoa yai hapo. Usimkamue kwa nguvu na usilipasue yai ndani, kwani vipande vya ganda hukata mrija na kuku hufa kwa uambukizo. Jua likizama na yai halijatoka, mpigie mtaalamu wa mifugo. Kizazi kikitokeza nje, mtenge hapo hapo kabla wenzake hawajaona ile nyama nyekundu, maana watamdonoa hadi wamuue. Kisafishe kwa maji safi, kipake sukari iliyolowekwa kidogo ili uvimbe upungue, kisha kirudishe ndani taratibu kwa kidole chenye mafuta. Mwache peke yake gizani siku kadhaa. Kikitoka tena na tena, kuku huyo hafai tena kwa mayai, wala mayai yake usiyaangulishe.

Yote hayo ni ya kuku mmoja mmoja. Kundi zima likianza kwa pamoja kutaga mayai yaliyokunjamana, yaliyopauka au yasiyo na ganda, na ute ukawa mwepesi kama maji, usihangaike na makombe. Hapo fikiria magonjwa ya virusi, ukiwemo mdondo (kideri). Tenga banda, usiuze kuku wala mayai, na mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Ukimpigia, mwambie tarehe ya chanjo ya mwisho. Chanjo ya I-2 ya mdondo, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na mitetea inapaswa kuipata kabla ya yai la kwanza.