Magunia ya dagaa yaliyopotea kwenye kwiri ya tarehe

Kuna mama anauza dagaa pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, alinipigia, mwanangu ripoti ya mwezi wa tatu imenipunja, mizigo ya Ukerewe mingine haipo kabisa. Nikaenda na laptop tukakaa karibu na mizani, daftari lake liko sawa mstari kwa mstari, databesi ndo ilikuwa na shida.

Tarehe zilikuwa zimehifadhiwa kama maandishi, VARCHAR, alafu kwa mitindo miwili, zilizoingizwa kwa simu ni 2024-03-09 na zilizotoka Excel ni 09/03/2024. Sasa MySQL, programu inayoendesha hiyo databesi, hapo haioni tarehe, inaona herufi, inalinganisha moja moja kuanzia kushoto. Kwahiyo '15/03/2022' inakuwa kubwa kuliko '02/11/2023' kisa 1 imeizidi 0, mwaka hata haujafikiwa! Ukiandika kwiri, yaani amri ya kuiuliza databesi, ukaomba kati ya '2024-03-01' na '2024-03-31' zile za Excel zote zinabaki nje, nikageuza nikaandika '01/03/2024' na '31/03/2024' ikaniletea mpaka mzigo wa Agosti 2022.

Dawa ni kuzigeuza ziwe tarehe kweli, zenye mkwaju (/) unatumia STR_TO_DATE(tarehe, '%d/%m/%Y'), zenye kistari '%Y-%m-%d', unazitenganisha kwa CASE WHEN tarehe LIKE '%/%'. Ila usiiache hiyo kwenye kila kwiri, indeksi ya kolamu, ile inayosaidia kutafuta haraka, haitatumika na jedwali likikua utasubiri sana. Mimi nilitengeneza kolamu mpya ya aina ya DATE, nikaijaza mara moja, ile ya zamani sikuifuta.

Kabla ya kujaza endesha SELECT kwanza uangalie NULL, yaani zile zilizoshindwa kugeuka tarehe. Nilikuta 03/25/2024, mwezi wa 25 haupo, maana yake faili lile lilitoka kwenye kompyuta iliyowekwa kimarekani, mwezi unatangulia. Hiyo imejitaja yenyewe, ninayoiogopa mimi ni 03/04/2024 ya faili hilohilo, inapita kimya kabisa kama Aprili 3 wakati mzigo ulishuka Machi 4, na hakuna kodi ya programu itakayokuambia, ni daftari tu. Mama akawa anasoma mimi natiki, jioni nzima.

Na kama kolamu ina saa ndani, usimalizie na BETWEEN ... '2024-03-31', inakomea saa sita usiku tarehe 31 inapoanza na mitumbwi ya asubuhi hiyo inaachwa, andika tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'. Tulivyoendesha hiyo magunia yakalingana na daftari.