Je, Wajua Kwa Nini Mti Mmoja wa Uswisi Ulizima Taa Karibu Italia Nzima?

Saa 9 na dakika 1 usiku, tarehe 28 Septemba 2003, laini ya umeme ya kilovoti 380 inayokatiza milima ya Uswisi ilipiga cheche kwenye mti. Laini ikajikata yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya. Dakika 24 baadaye laini ya pili ikafuata. Haikutimia hata saa 9 na nusu, watu zaidi ya milioni 50 nchini Italia walikuwa gizani. Kisiwa cha Sardinia ndicho kilichosalimika.

Inakuwaje mti ulioota nchi nyingine uzime taa za watu wote hao?

Anza na waya wenyewe. Waya ukibeba mzigo mkubwa hupata joto, ukipata joto hurefuka, na ukirefuka hulegea na kushuka karibu na chochote kilicho chini yake. Laini ya kwanza ilipotoka, mzigo wake haukutoweka. Papo hapo ulihamia kwenye laini zilizobaki, kwa kuwa umeme haungoji mtu auonyeshe njia. Ile ya pili, ipitayo eneo la San Bernardino, ikazidiwa, ikalegea, nayo ikafikia mti wake. Laini nyingine zinazoingia Italia zikajitoa moja baada ya nyingine ndani ya sekunde chache. Usiku huo Italia ilikuwa ikipokea kutoka nje zaidi ya megawati 6,000, takriban robo ya umeme iliokuwa ikitumia. Pengo hilo lilipotokea ghafla, mitambo ya ndani ilishindwa kuliziba, ikaanza kujizima ili isiharibike.

Sasa zitazame zile dakika 24, kwa maana ndani yake mna jibu lenyewe. Waendeshaji wa gridi ya Uswisi, yaani mtandao wa umeme wa nchi hiyo, walijaribu kuirudisha laini ya kwanza, ikakataa. Kama dakika 10 tangu hitilafu, walipiga simu Italia kuomba ipunguze megawati 300 za umeme iliokuwa ikivuta. Italia ikapunguza. Lakini laini ya pili ilikuwa inaendelea kupata joto, na punguzo hilo halikutosha. Kila upande ulikuwa na wataalamu macho kazini, na kila upande ulikuwa unaona vizuri gridi yake. Hatari ilikuwa imekaa mpakani, mahali ambapo hakuna chumba cha udhibiti kilichokuwa na picha kamili.

Ndiyo sababu utafiti wa kulinda miundombinu muhimu, yaani umeme, maji, mawasiliano, usafiri, hospitali na mifumo ya fedha, haufanyiki ukafaulu ndani ya taasisi moja. Mwenye gridi anaijua gridi, mwenye mabomba anayajua mabomba. Kinachotokea pale gridi inapokutana na bomba hakina mwenyewe mpaka watu wakae pamoja wakichunguze.

Tukio la Italia lenyewe lilizaa mfano mzuri wa kazi ya aina hiyo. Mwaka 2010 Sergey Buldyrev, Shlomo Havlin, Eugene Stanley na wenzao, watafiti wa Marekani na Israeli, walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa mitandao miwili inayotegemeana. Wengi wao walikuwa wanafizikia, si mafundi wa umeme, na nadhani hilo liliwasaidia. Waliuchukua mtandao wa umeme wa Italia na mtandao wa intaneti, kisha wakafuata mzunguko huu: kituo cha umeme kikizima, mitambo ya mawasiliano inayokitegemea inazima, mawasiliano yakizima, vituo vingine vya umeme vinakosa udhibiti na kuzima pia, navyo vinaangusha mawasiliano mengine tena.

Walichokipata kilikwenda kinyume na kilichokuwa kikiaminika. Mtandao mmoja ukiwa peke yake, wenye vituo vichache vikubwa vilivyounganishwa na vingi vidogo, huvumilia sana hitilafu za bahati mbaya. Ukiondoa vituo ovyoovyo, mara nyingi utaangukia vile vidogo, na mtandao utaendelea. Lakini ukiuunganisha na mtandao wa pili unaotegemeana nao, uvumilivu huo hupotea, kwa sababu kituo kikubwa cha upande huu kinaweza kuwa kinategemea kituo dhaifu cha upande ule. Baya zaidi, mfumo wa namna hiyo hauchakai taratibu ukakupa onyo. Unaonekana mzima, unapoteza vituo vichache zaidi, halafu unaporomoka wote kwa mkupuo.

Mtu anaweza kudhani haya ni ya karatasini tu. Februari 2021 yalionekana waziwazi Texas. Baridi kali iligandisha visima vya gesi na mitambo, mitambo mingi ya kufua umeme ikakosa gesi, na waendeshaji wa gridi wakalazimika kukata umeme kwa wateja. Miongoni mwa waliokatiwa walikuwamo wazalishaji na wasafirishaji wa gesi, ambao pampu na kompresa (mashine za kusukuma gesi) zao zinatumia umeme, kwa vile hawakuwa wameorodheshwa kama wateja wasiopaswa kukatiwa. Umeme ulikosa gesi, gesi ikakosa umeme. Gridi ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 iporomoke kabisa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile. Hapo hakukuhitajika teknolojia ngeni. Ilihitajika orodha moja, iliyoandikwa na watu wa gesi na watu wa umeme wakiwa meza moja.

Ushirikiano wa kweli huwa na sura gani basi? Mara nyingi huanzia kwenye msiba. Wiki sita kabla ya Italia, tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulikatika kwa watu wapatao milioni 50 kaskazini mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada. Nchi hizo mbili ziliunda kikosi kimoja cha uchunguzi. Kikagundua kwamba huko Ohio, pamoja na miti kugusa laini, programu ya kengele za tahadhari ilikuwa imekwama bila waendeshaji kujua. Mchana ule walikuwa wakitazama skrini zilizowaambia kwamba mambo ni shwari. Matokeo ya uchunguzi yalisaidia kugeuza kanuni za uthabiti wa gridi, zilizokuwa za hiari nchini Marekani, kuwa za lazima.

Yalichochea pia matumizi ya kifaa kilichokuwa kimeshavumbuliwa katika chuo kikuu cha Virginia Tech mnamo 1988. Kifaa hicho hupima mawimbi ya umeme mara nyingi kwa sekunde, na kila kipimo hugongwa muhuri wa muda kutoka kwenye setelaiti za GPS. Kwa hiyo vipimo vya kituo hiki na cha kilomita 1,000 kutoka hapa vinaweza kulinganishwa kwa wakati uleule. Ile picha kamili ambayo hakuna aliyekuwa nayo mpakani mwa Uswisi na Italia inaanza kupatikana, kwa sharti kwamba wenye gridi wakubali kupeana vipimo vyao.

Na hapo ndipo pagumu. Ramani ya kina ya gridi ni msaada kwa mtafiti, na ni msaada uleule kwa adui. Desemba 2015 wadukuzi waliingia katika kampuni za kusambaza umeme nchini Ukraine na kuwazimia wateja wapatao 225,000. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kuwasha swichi kwa mikono. Siwalaumu wenye mitambo wanaoficha michoro yao. Njia mojawapo ya kuvuka kikwazo hiki ni gridi za kubuni: watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, kwa mfano, wametengeneza gridi ya nodi 2,000, yaani vituo ambako laini hukutana, inayofanana kitabia na ile ya Texas, ingawa hakuna nguzo hata moja iliyochukuliwa kutoka gridi halisi. Mtafiti yeyote duniani anaweza kuiangusha kwenye kompyuta yake bila kumhatarisha mtu. Ulaya nayo, kwa sheria ya mwaka 2022 inayogusa sekta 11, inawataka watoa huduma muhimu waripoti tukio zito ndani ya saa 24, na nchi zisaidiane kuyatathmini yanayovuka mipaka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Christchurch, New Zealand. Katika miaka ya 1990 wahandisi wa umeme, maji, barabara na simu walikaa pamoja na wanasayansi kuchora nini kingevunjika tetemeko likipiga, na nani angemwangusha nani. Kampuni ya umeme ya Orion ikatumia takriban dola milioni 6 za nchi hiyo kuimarisha majengo ya vituo vyake, mengi yakiwa ya matofali ya zamani, na kufunga vizuri vifaa vilivyomo. Tetemeko lilipokuja, Februari 2011, majengo hayo karibu yote yalisimama, na hasara iliyoepukwa ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 60. Nyaya za chini ya ardhi za kilovoti 66 upande wa mashariki wa mji hazikupona, kwani udongo ulilainika kama uji na kuzikata. Orion ikasimamisha nguzo na kupitisha laini za muda juu ya ardhi, na ndani ya wiki chache umeme ulikuwa unapita.