Kuja Kupenda Si Kuridhia

Kuna kauli nimeisikia mara nyingi mno kwa vijana wanaoandika hadithi za uchawi na majini hapa Mombasa, na imefika mahali siwezi tena kuinyamazia: "Hadithi yangu ina ridhaa, kwa sababu mwishowe msichana alifurahi." Ukiuliza ilikuwaje, unaambiwa msichana aliokota pete chini ya mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, akaivaa, akageuka nguva kabla hajajua lililompata. Analia kurasa na kurasa. Kisha anazoea kupiga mbizi, anapata marafiki huko chini, na hadithi inaisha akiogelea kwa raha katika mkondo wa Likoni, feri zikipita juu yake. Hadithi yenyewe huenda ikawa nzuri. Nimesoma za namna hiyo zikaninyima usingizi kwa utamu. Lakini ridhaa haimo.

Ridhaa ni mtu kukubali jambo kabla halijamfika, akilijua, na akiwa na njia ya kulikataa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 imelisema kwa ufupi katika kifungu cha 42: mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari yake, na ana uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wakifikiria nguva, ila mambo hayo matatu, hiari, uhuru na uwezo, yanatosha kabisa kumpimia mhusika wa hadithi. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachowapotosha watu ni wakati. Ridhaa hutangulia tendo, furaha hulifuata. Mtu huweza kuridhia jambo akaja kulijutia, na huweza kutendewa jambo bila kuulizwa akaja kulipenda. Kupenda kwake ni kweli, na kutoulizwa kwake ni kweli vilevile. Kupenda huko hakufuti kutoulizwa huko.

Mfano bora ninaoujua uliandikwa na Mwafrika. Apuleius alizaliwa Madauros, katika nchi tunayoiita leo Algeria, akaandika katika karne ya pili hadithi ndefu ya vitabu 11 juu ya kijana Lucius. Lucius anamchungulia mke wa mwenyeji wake akijipaka mafuta ya kichawi na kugeuka bundi. Tamaa inamshika. Anamsihi kijakazi wa nyumba hiyo, Photis, amwibie mafuta yale naye apate mbawa. Photis anachukua kasha silo, Lucius anajipaka kwa pupa, na badala ya manyoya ya ndege anaota kwato, anakuwa punda. Dawa ni rahisi, ale mawaridi tu, lakini usiku huohuo wezi wanavamia nyumba, wanambebesha mizigo, na taabu zake zinaanza.

Je, Lucius aliridhia? Wengi hujibu haraka: aliyataka mwenyewe. Aliomba, ndiyo, tena kwa kubembeleza, lakini aliomba kuwa ndege. Upunda hakumwomba mtu. Ridhaa hukaa ndani ya mipaka ya jambo lililoombwa, na anayeivuta hadi kwenye jambo jengine ameizua upya kichwani mwake. Baadaye Lucius anajiliwaza kwamba angalau masikio yale makubwa yanamwezesha kusikia siri za watu. Faida hiyo anaipata kweli, na msomaji anacheka naye. Usiku wa makasha unabaki vilevile ulivyokuwa.

Mshairi Mrumi Ovid ana kisa kigumu zaidi, katika shairi lake la vitabu 15 juu ya maumbo yanayogeuka, lililokamilika karibu na mwaka wa 8 wa Miladi. Msichana Daphne hamtaki mungu Apollo. Apollo anamkimbiza. Pumzi zikimwishia, Daphne anamlilia baba yake, mungu wa mto, amharibie umbo lake lililomponza. Ngozi inakuwa gome, mikono inakuwa matawi. Apollo anaukumbatia mti na kutangaza kuwa utakuwa wake, majani yake yatakuwa taji lake. Hapo Ovid anaandika kwamba mti ulitikisa matawi yake mapya, na kilele chake kikaonekana kama kichwa kinachoitikia.

Kikaonekana. Mshairi hakusema Daphne aliitikia. Alituonyesha tu jinsi mtikisiko wa majani unavyoweza kusomwa kuwa "ndiyo" na yule anayeitaka sana ndiyo hiyo. Na kabla ya hapo, lile ombi lenyewe la kugeuzwa lilitoka katika kinywa cha mtu anayefukuzwa. Maneno alikuwa nayo, uhuru hakuwa nao. Mwandishi wa kwetu anayeandika "aliomba mwenyewe kugeuzwa" na huku nyuma yake kuna panga, deni, au mjomba anayemtishia, ajue kwamba ameandika kukimbia. Kukimbia ni jambo kubwa linalostahili hadithi yake, ila lina jina lake.

Hapa hadithi za kugeuzwa zinatofautiana na nyengine zote, na ndiyo sababu dhana hii inapaswa kushikwa kwa makini zaidi humu kuliko kwengine. Mageuzi yanaweza kumwondoa yule anayepaswa kujibu. Mti hauna ulimi. Wako watakaosema kunyamaza ni kukubali, na nimewasikia wakiiegemeza kauli hiyo kwenye hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu bikira anayeozwa. Waisome yote. Mtume alisema asiozwe mpaka aombwe idhini. Alipoulizwa idhini yake ni ipi, akasema ni kunyamaza kwake. Kuombwa kumetangulia. Anayenyamaza pale ni mtu aliyeulizwa, mwenye ulimi wa kusema la, anayezuiwa na haya tu. Ukiondoa swali ukabakiza kimya, umeondoa kitu kizima.

Na kuna uchawi unaokwenda ndani zaidi ya ngozi. Chukua mwandishi anayemgeuza bwana mmoja kuwa paka wa Kibokoni, na pamoja na manyoya akampa moyo wa paka, usiotaka kitu ila kivuli cha baraza na vichwa vya samaki. Bwana huyo, ambaye jana alikuwa na mke, madeni na hamu ya kwenda Lamu, leo anakoroma kwa raha juu ya ngazi. Raha ile ni ya nani? Aliyefurahi siye aliyegeuzwa, na aliyegeuzwa hayupo tena wa kuulizwa. Uwezo wa kuamua umechukuliwa na uchawi uleule unaotaka kuamuliwa. Sijui swali lenye rutuba zaidi ya hili katika fani hii, na hunisikitisha kuona kijana amelifikia kwa kipaji chake mwenyewe, kisha akalifunika kwa sentensi moja ya "akaridhika na maisha yake mapya".

Sisemi kwamba kugeuzwa kwa nguvu kusiandikwe. Hadithi ya kwanza ya Shahrazad katika Alfu Lela Ulela ina wazee watatu njiani, mmoja na paa, wa pili na mbwa wawili, wa tatu na nyumbu, na wote hao ni watu waliogeuzwa. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze aliwageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa mkono wa jini, kwa sababu walimtosa ndugu yao Adili baharini, kisha akamtwika Adili huyo wajibu wa kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma. Hakuna aliyewauliza manyani wale. Wala mwandishi hakudai waliulizwa, na kwa hivyo kitabu kinaweza kuzungumzia adhabu na huruma bila kujikwaa. Ubaya hauko katika kuandika tendo lisilo na ridhaa. Uko katika kuliandika, kisha kulivika jina la ridhaa kwa kuwa limeishia pazuri.

Mkanganyiko mwengine hutokana na kusahau kwamba ridhaa hapa ni mbili. Kuna ya mhusika, na kuna ya msomaji. Ya msomaji tunaijua tangu utotoni. Mtambaji anasema "Paukwa!", na hadithi haiendi mpaka waliokaa mkekani waitikie "Pakawa!" Au anasema "Hadithi, hadithi!" nao wanamjibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tazama wanachokiita. Wanauita uongo kwa jina lake, na wanaudai utamu wake. Mtoto aliyeitikia hivyo anaweza kuogopa mpaka akajifunika kanga ya nyanya yake mtambaji anapofika kwa yule mwanamke mrembo mwenye kwato za punda, na bado akaomba aelezwe tena kesho. Yeye ameridhia kutishwa. Aliyefuatwa na jini ndani ya hadithi hajaridhia kitu, na hizo mbili hazigombani.

Basi msomaji anaweza kufurahia kwa moyo mweupe hadithi ambamo mhusika anaonewa, mradi ameambiwa mapema anaingia wapi. Ndiyo kazi ya tahadhari zinazowekwa mwanzoni. Archive of Our Own, hazina ya mtandaoni ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki, iliyofunguliwa mwaka 2009, humtaka mwandishi achague tahadhari kabla ya kuchapisha, na humruhusu pia aseme kuwa amechagua kutotoa. Hata hilo ni taarifa, kwani msomaji anajua anaingia bila kuambiwa. Kwa kifupi, tahadhari inalinda ridhaa ya msomaji. Haimpi mhusika ridhaa ambayo hakuwa nayo. Nimeona watu wakiweka tahadhari kisha wakadhani wamemaliza na yote mawili.

Nami nasikia lawama upande wa pili, kwamba ridhaa huua raha: ukishamwuliza mhusika, uchawi umegeuka ofisi. Sikubali, na nitaonyesha kwa nini. Tuseme kijana wa tuktuk wa Kisauni amekwenda kwa bibi mmoja anayesifika kwa dawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Nataka kuwa mwewe."

"Mpaka lini?"

Hakuwa amelifikiria. "Mpaka adhana ya alasiri."

"Na ukiwa huko juu ukataka kushuka kabla ya adhana?"

"Nitalia mara tatu, unirudishe."

"Mwewe mwenye njaa pia hulia mara tatu. Tafuta alama nyengine."

Hapo hakijatokea kitu, na tayari nataka kujua alama atakayoichagua, na kama ataikumbuka kunguru wakimwandama juu ya daraja la Nyali, maana kunguru wa mji huu hawamwachi mwewe apite kwa amani. Kila swali la bibi limefungua mlango wa kisa. Kila mpaka uliowekwa ni ahadi kwa msomaji kwamba utajaribiwa. Na raha kubwa ya hadithi hizi, ile ya kujifunza mwili mgeni, jinsi bawa linavyoinama, jinsi jicho linavyoona panya aliye ng'ambo ya kivuko, inanoga zaidi mtu anapokuwa ameutamani mwili ule. Mwenye hofu anahangaika kurudi. Mwenye hamu anatazama.

La mwisho kwa haraka, kwa sababu halina mjadala: mtu halisi unayemjua, mwalimu au jirani au mpenzi wa zamani, usimtie hadithini kwa jina lake au kwa alama zinazomtambulisha, ukamgeuza chura watu wamcheke. Huyo ana ulimi, na nyumba yake unaijua. Mwulize.

Kwa waandishi wenzangu wenye mhusika aliyegeuzwa bila kuulizwa na akaja kuupenda mwili wake, sitaki muifute hadithi. Nawaombeni ukurasa mmoja zaidi. Mpeni mhusika njia ya kurudi iliyo wazi kweli, isiyo na mtego, akili zake zikiwa zake, kisha mtu amwulize: utarudi au utabaki? Akisema nabaki, hapo ridhaa imepatikana, ni ridhaa ya kubaki, na inaanzia ukurasa ule. Kurasa za nyuma ziacheni zilivyo. Aligeuzwa bila kuulizwa, kisha akaulizwa, akabaki. Na mtu akitaka kujua hadithi yenu inahusu nini, mwambieni hivyohivyo.