Sheria ya ndege wa baharini haikuwa kazi ya mbunge mmoja
Wengi huamini kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1869 ya kulinda ndege wa baharini ilitoka kichwani mwa mbunge aliyewasilisha muswada. Kweli, aliufikisha bungeni. Lakini kilio kilianzia kwenye majabali ya Flamborough, Yorkshire: watu walikuja kwa boti, wakapiga ndege risasi kwa kujifurahisha, makinda wakabaki kufa njaa viotani. Mabawa yalipamba kofia. Makasisi wa huko na wapenda ndege walikuwa wameshaungana mwaka 1868.

Tena ulinzi ulihusu 1 Aprili hadi 1 Agosti tu, mayai hayakulindwa! Ukitaka kuhakikisha, soma sheria yenyewe, kisha kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Zinapatikana kwenye intaneti.