Makinda wa furukombe: lini usogee, lini ukae mbali

Furukombe, tai mla samaki, huatamia mayai kwa siku 42 hadi 45, na kinda haondoki kiotani mpaka atimize takriban siku 70. Mpiga picha ana zaidi ya miezi miwili mbele yake, na kwa maoni yangu majuma matatu ya mwanzo hayamhusu kabisa.

Sababu yake ni joto. Kinda mchanga amefunikwa na vinyoya laini tu, na mwili wake bado hauwezi kujidhibiti. Kando ya Ziwa Naivasha, nilikojifunzia kazi hii, viota vingi viko juu ya migunga ya magome ya manjano, ambayo majani yake membamba hayazuii sana jua la saa sita. Kwa hiyo mzazi husimama ametanua mabawa ili awatilie makinda kivuli. Ukimfanya aruke, wanaoungua ni makinda, na picha yako haitaonyesha hilo.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimamisha kibanda cha turubai cha kujifichia kwa siku moja, karibu mno na mti, na kelele za mzazi nikazichukulia kuwa wito wake wa kawaida. Anapoita kwa desturi, furukombe hurusha kichwa nyuma na mwenzake humwitikia. Yule aliyelia mfululizo huku akinitazama, samaki angali makuchani, alikuwa akinilalamikia mimi. Siku hizi naanza mbali kwa darubini, kisha nakisogeza kibanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na nikiona chakula hakifiki kiotani narudi nyuma. Lenzi ya milimita 600 hutosha. Sikati tawi hata moja linalonizibia, kwa kuwa tawi hilo ndilo kivuli na maficho yao, na situmii taa ya kamera wala droni.

Jambo linalowashtua wageni ni ugomvi wa ndugu. Kwa kuwa mayai hayaanguliwi siku moja, kinda wa kwanza huwa mkubwa na humdonoa mdogo wake. Kwa furukombe, mdogo huweza kupona, lakini kwa tai wa Verreaux, tai mweusi wa milimani, ni nadra. Valerie Gargett, aliyewachunguza katika milima ya Matobo, Zimbabwe, alihesabu kinda mmoja akidonolewa mara 1,569 kwa muda wa siku tatu hivi. Usiingilie kati. Piga picha au ondoka.

Kuanzia juma la nane hatari hugeuka: kinda mwenye manyoya kamili akishtuliwa huruka kabla mabawa hayajakomaa, akaanguka majini au chini ya mti. Nafasi yangu, basi, ni juma la nne hadi la saba. Akishatoka kwa wakati wake, hubaki karibu na kiota akililia samaki wa wazazi, rangi yake ya kahawia yenye michirizi, kichwa cheupe bado miaka kadhaa mbele. Hapo mashua tulivu inatosha, na kibanda nakikunja.