Je, wajua kwa nini choo cha Sulabh kina mashimo mawili?

Wanafunzi wanaotembelea Makumbusho ya Vyoo ya Sulabh, jijini New Delhi, India, hukutana na nakala ya kiti cha enzi cha Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, chenye choo ndani yake. Hapo kicheko ni haki yao. Lakini kwangu mimi, kitu kikubwa zaidi hapo ni choo cha kawaida kabisa cha mashimo mawili.

Kiliboreshwa na kuenezwa na Bindeshwar Pathak, aliyeanzisha shirika la Sulabh mwaka 1970 na makumbusho haya mwaka 1992. Alizaliwa jimbo la Bihar katika ukoo wa Kibrahmini, tabaka la juu la Wahindu. Utotoni alimgusa mwanamke wa tabaka la "wasioguswa", na bibi yake akamlisha mavi ya ng'ombe na kumnywesha maji ya mto Ganges ili atakasike. Wanawake wa tabaka hilo ndio waliokuwa matopasi: walikomba vinyesi vya watu vyooni, wakavitia kwenye vikapu, wakavibeba kichwani.

Tazama choo chenyewe. Sinki lina mteremko mkali, hivyo lita 1.5 hadi 2 za maji zinatosha kusukuma kila kitu. Maji yanayotuama kwenye kona ya bomba huzuia harufu. Mbele yake kuna chemba ndogo yenye njia panda, kila njia ikielekea shimo lake. Njia moja huachwa wazi, nyingine huzibwa. Kuta za mashimo ni za matofali yaliyoachiwa matundu, na chini ni udongo mtupu, kwa hiyo maji na gesi hunywewa na ardhi.

Sasa, shimo lingekuwa moja, siku linapojaa juu yake kuna kinyesi cha jana na leo. Halina budi kuzolewa likiwa bichi, na wa kuzoa ni yule yule topasi. Yakiwa mawili, mwenye nyumba huziba njia ya lililojaa na kufungua ya jirani yake. La kwanza hupumzika kwa takriban miaka 2, vijidudu hufa, kinyesi huoza hadi kikawa mbolea kavu, isiyonuka, inayomumunyika vidoleni kama udongo wa bustani. Mwenye nyumba hulifukua mwenyewe kwa koleo.